Ngazi za Wifi Jamila

Buyenzi, Bujumbura

Dada yangu Zena,

Assalaam alaykum, wewe na wote wanaolala chini ya bati lako. Naomba karatasi hii ikukute goti limepungua uvimbe, shemeji kikohozi kimemwachia, na wale wanangu watatu wanaendelea kukutia wazimu kama ilivyo kazi yao. Mimi mzima. Shabani mzima. Mama mkwe yupo, anakula, anapumua vizuri, na mambo yake ndiyo yaliyonikalisha kitako kuandika.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Simu ninayo na salio ninalo. Lakini nyumba hii kuta zake zina masikio, na sauti yangu unaijua, haikuumbiwa kunong'ona. Nikikurekodia maneno chumbani, wifi yangu atayasikia kabla yako. Kuna jirani anateremka Kigoma, amesema atampa mtu wa treni, na mtu wa treni ataileta mpaka Tabora. Ukiipata imefunguliwa, basi na aliyeisoma afaidike.

Nianze na ule ujumbe wako. Umesema umeiona picha ya terasi ambayo wifi Jamila ameibandika kwenye status ya simu yake, ukaniandikia, "Mdogo wangu, kumbe unaishi peponi na hutuambii." Kisha ukaomba nikutumie vipimo, kwa sababu na wewe unataka kutengeneza mahali pa kupumzikia nyuma ya nyumba, makochi yakae nje, wageni wasirundikane sebuleni wakati wa joto.

Dada, niliposoma hilo neno peponi nilicheka mpaka mama mkwe akageuza shingo kunitazama. Vipimo sikutumii. Nitakupa kisa chake kama kilivyokuwa, halafu utajenga mwenyewe ukiwa na akili zako zote.

Jamila hujawahi kukutana naye, na hujapoteza kitu. Ni dada mkubwa wa Shabani, kifungua mimba wa nyumba hii, na anakaa nyumba ya mbele katika kiwanja hikihiki. Ana duka la mapazia na vitambaa vya makochi kule mtaa wa Asiatique. Tangu duka livunje ukuta na kumeza chumba cha jirani, shingo yake nayo imerefuka. Akipita, manukato yanatangulia kama askari wa msafara. Akizungumza, kila maneno mawili lazima la tatu liwe la Kifaransa, hata akiita kuku. Mumewe yuko safarini mwaka mzima, na mimi ni mtu mmoja ninayemwelewa vizuri sana yule mwanamume.

Mume wangu unamjua. Mbele ya injini ni simba, mbele ya dada yake ni kifaranga kilicholowa. Tangu mafuta yawe ya kutafutwa kwa tochi na magari yalale majumbani, gereji yake inashinda inapiga miayo, na chakula kingi cha nyumba hii kimetoka mkononi mwa Jamila. Mkono huo hautoi kimya. Ukiletewa gunia la mchele, mtaa mzima utajua limetoka kwa nani, na utakumbushwa mpaka punje ya mwisho.

Sasa mama mkwe. Huyu ndiye mwanamke aliyenipokea kutoka Tabora kwa udi na sahani ya pilau, akanishika mkono mbele ya ndugu zake wote, akasema, "Mwajabu, utacheka Kiswahili yetu, na siye tutacheka yako. Tutakuwa sawa." Na kweli tukawa sawa. Kiharusi kilipompata, upande wa kulia ulilala na maneno yakamkimbia. Akabaki na sauti tu, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima, na mkono mmoja, wa kushoto, ambao ulikataa kulala.

Daktari alisema asifungiwe ndani. Akae penye hewa, aone watu, asemeshwe hata kama hajibu. Chumba chake bati liko juu ya kichwa, na hapa Bujumbura ikifika adhuhuri ndani ya chumba kama kile unaweza kukausha mihogo. Basi mimi nikawa namsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka ubavuni mwa jiko, ambako kivuli cha ukuta kinafika mapema na upepo wa ziwani unapenya. Nilikuwa nimepanda mrehani na mchaichai kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Alikuwa anachuma jani kwa mkono wa kushoto, analifikicha, ananusa. Kutoka pale analiona lango, anajua nani kaingia na nani katoka. Jirani yetu Mama Divine, anayeuza ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, akipita na beseni lake lazima asimame amwambie habari za mtaa kwa Kirundi, na mama anacheka kwa macho.

Nikamwambia Shabani, "Hapa weka nguzo nne na paa dogo, mvua zisimfukuze." Ndiyo yote niliyoomba. Nguzo nne. Na yule mwanamume, badala ya kutafuta nguzo, akasema, "Wacha nimuambie Dada."

Hapo ndipo balaa lilipoingia kwa mguu wa kulia.

Jamila alituita sebuleni kwake. Akasimama, maana mtu kama yeye hawezi kusema jambo la heri amekaa. "Mama iko na haki ya kuikala mahali ya heshima," alisema. "Apana pale kwenye moshi kama mupishi. Tutamujengea terasi. Terasi ya kweli, moderne." Akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Shabani naye akafuta. Na mimi mjinga nikaitikia amina.

Akaletwa bwana mmoja kutoka mtaa wa wenye nazo, Rohero, jina lake Fabrice, anajiita dekorateri, yaani mpamba nyumba. Suruali imembana hata nilimwogopea kuinama. Alikuja na simu, akawa anaielekeza kwenye kuta kama mtu anayepulizia dawa ya mbu, na hiyo simu eti ndiyo inayopima. Alimpita mama pale kwenye kiti chake bila kumsalimu. Hakuuliza ni nani atakayekaa hapo, anaumwa nini, anapenda nini. Nilimuuliza mimi, kwa adabu zote ulizonifunza, "Bwana, na jua la alasiri litazuiliwa na nini?"

Akatabasamu kama mtu anayenihurumia. "Madame, jua ile tutaipanga."

Dada, nimeishi miaka yangu yote, sijapata kuona mtu aliyelipanga jua. Nilimtazama vizuri ili siku nyingine nisimsahau.

Mafundi wakaanza kuinua jukwaa hapohapo, kati ya jiko na nyumba ya mbele. Nasema jukwaa kwa sababu hilo si baraza, ni kitu cha kusimamia waziri. Likapanda mpaka kiunoni mwangu, na mbele wakaweka ngazi. Nilikuwa nachambua mboga, nikaacha, nikaenda.

"Na kiti cha mama kitapanda vipi hapa?"

Fabrice akaziangalia ngazi zake kwa mapenzi. "Madame, bila ngazi, terasi inakuwa kama parking ya gari. Ngazi njo inaleta élégance, urembo."

Nikamgeukia wifi yangu. "Wifi, mama hatembei."

"Tutamupandisha. Wanaume iko."

"Kila siku? Asubuhi na jioni? Akitaka kwenda kujisaidia?"

"Weye Mwajabu unapenda sana kuharibu mambo," akasema, na Shabani, ambaye alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, akaanza kuchunguza viatu vyake kana kwamba ndiyo vimefika dukani leo.

Nikuambie kilichowekwa huko juu, ujue ulikuwa unasifia nini. Chini vigae vyeupe, wao wanaita karo, vinang'aa kama sahani na vikilowa ni sabuni tupu. Paa la plastiki inayopitisha mwanga, maana Jamila alitaka picha zitoke vizuri. Ukisimama chini yake saa nane za mchana unahisi ubongo unaanza kutokota. Makochi meupe ya ngozi ya uongo, ukikaa na gauni jepesi yanakushika mapaja na kukuachia kwa shida. Majani ya plastiki yamebandikwa ukutani. Na kisima kidogo cha maji kinachorusha, chenye taa za rangi, ambacho umeme ukikatika kinakuwa nyumba ya watoto wa mbu. Mrehani wangu na mchaichai wangu, ambayo ndiyo inayofukuza mbu, niliikuta imetupwa nyuma ya choo, makopo yamebonyea. "Makopo ya mafuta inaonyesha umaskini," Jamila alinieleza. Wakaweka maua ya plastiki, nayo kila asubuhi nikawa nayafuta vumbi mimi.

Unadhani mama alipanda? Kwanza tuliambiwa tusubiri saruji ikauke. Kisha magurudumu ya kiti yatachora karo. Kisha tusubiri siku ya dua, tutafungua rasmi. Muda wote huo mama alikuwa chini, kwenye kile kipande kilichobaki ubavuni mwa jiko, na sasa kilikuwa kibaya kuliko mwanzo, kwa sababu jukwaa lilikuwa limeuziba upepo wa ziwani na ukuta wake mweupe unamrudishia jua usoni. Nilikuwa nasimama mbele yake na kanga nimeitandaza kama pazia.

Lakini kuna watu waliopanda. Wateja walipanda. Wanawake wa maofisini na wake za wakubwa, Jamila alikuwa anawaleta na gari, wanapanda zile ngazi na viatu vyao virefu, wanakalia makochi, wanapigana picha, wanachagua kitambaa. Ndipo nilipoelewa, Dada. Mama alikuwa kisingizio. Hili lilikuwa duka la pili.

Siku moja mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua alitazama chini, akamwona mama na mimi, akauliza, "Na ule muzee ni nani?"

Jamila hakukawia hata kumeza mate. "Ni mugonjwa wa hapa nyumbani."

Hakusema mama yangu. Alisema mgonjwa wa hapa nyumbani, kama mtu anayeeleza kuhusu mbwa wa jirani. Nilisikia. Na mama, ambaye watu wanadhani kwa kuwa hasemi basi hasikii, alisikia. Aliuinamia ule mkono wake uliolala, akauchukua kwa mkono mzima, akauweka vizuri mapajani, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilijua nani nilitaka atangulie.

Nilimweleza Shabani aliporudi. Akasema, "Hakukusudia." Nikamwambia asiniletee tena neno lolote mpaka apate lenye uti wa mgongo. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Ikafika siku ya dua. Jamila alialika wateja wake wote, na shehe wa msikiti wa jirani, na mpiga picha. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Mimi nilimwogesha mama, nikamvisha gauni lake la kijani na mtandio wa hariri, nikampaka wanja. Alifurahi, masikini. Alikuwa anajitazama kwenye kioo na kugeuza shavu lile zuri. Nikamsukuma mpaka chini ya ngazi. Wageni wote wako juu, wanajipepea, shehe kakaa katikati kwenye kochi jeupe, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Wakaja vijana wawili wa dukani, wabeba majora wale, wenye vifua. Mmoja akashika mbele, mwingine nyuma. Wakainua. Kiti kikalala chali, miguu ya mama ikapanda juu kuliko kichwa, gauni likarudi nyuma mpaka magotini, mtandio ukaanguka. Nikaukimbilia mtandio. Mtu mmoja huko juu akacheka, cheko la woga, lakini ni cheko. Na mpiga picha anapiga.

Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akaikamata nguzo ya chuma pale mwanzo wa ngazi. Vijana wakavuta. Hakuachia.

"Achia, Mama, tuko karibu kufika," Jamila akasema kupitia katikati ya meno, bado anaichekea kamera.

Na mama mkwe wangu, ambaye miezi yote ile tulikuwa hatujapata kutoka kwake hata jina la Mungu likiwa zima, akasema, "Apana."

Mpiga picha akashusha kamera.

"Apana," akasema tena. "Mi siko... muzigo."

Vijana walimshusha bila kuambiwa. Nilimfunika mama magoti, nikamrudishia mtandio. Nilikuwa nalia na huku nacheka, usiniulize vipi.

Shehe akasimama. Jamila akamwambia, "Apana, Shehe, ikala tu, tutaanza, yeye atasikia kule chini." Shehe akasema, "Dua ni ya nani?" Akajibiwa ni ya mama. "Basi nitaenda kuiomba kwake," akasema, na akateremka. Usidhani ni hekima kubwa, Dada. Yule bwana alikuwa anaiva chini ya ile plastiki na alikuwa anatafuta sababu. Lakini Mwenyezi Mungu hutumia hata jasho. Shehe aliposhuka, wageni wakashuka mmoja mmoja, wamebeba viatu vyao mkononi kwa kuogopa utelezi. Mama Divine, Mkristo wa watu, akakimbia kwao akarudi na mikeka. Tukatandika ubavuni mwa jiko, tukamzunguka mama, dua ikasomwa pale, kwenye moshi. Jamila alibaki juu na makochi yake na mpiga picha.

Wageni walipoondoka alishuka. "Ni weye umemufundisha ile maneno," akaniambia.

"Ningejua kufundisha mtu aliyepooza kusema, ningekuwa tajiri kuliko wewe."

"We ni mugeni hapa! Muke wa kuletwa. Njia ya Tabora iko wazi."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumjibu, na wewe unajua jibu langu lingefika wapi. Lakini Shabani akatangulia. Hakupaza sauti. Alikuwa amechuchumaa anamfungia mama kiatu, akasema bila kuinuka, "Dada, muke yangu anaosha mama kila asubui. Weye unaosha karo. Kama yeye ni mugeni, siye ni nani?"

Jamila akageuka rangi. "Na chakula mutakula wapi?"

"Tutakula kidogo."

Wallahi, Dada, nilimtazama yule mwanamume kama ndiyo kwanza analeta posa.

Kesho yake hakwenda gereji. Alimwuliza mama anataka kukaa wapi. Jamila alikuwa dirishani anasikiliza, anasubiri kusema kiwanja ni chetu sote. Mama akaonesha kwa kidevu, upande wa pili wa jiko, karibu na bomba la maji, ambako jukwaa halijafika na upepo bado unajua njia. Pale pale. Shabani akasawazisha ardhi kwa jembe na akaishindilia, haina kidato hata kimoja, kiti kinapita kutoka mlango wa chumba mpaka pale bila kuinuliwa. Ndugu za Mama Divine wakaleta matete kutoka Ruziba, kando ya ziwa. Tukaweka bati chache za zamani juu, na chini ya bati tabaka nene la matete, ili joto lisishuke na mvua isipige kelele za kufukuza mazungumzo. Upande wa magharibi, jua linakozamia kwenye milima ya Kongo, tukaning'iniza jamvi, linashushwa alasiri na kupandishwa magharibi. Upande wa kusini, unakopenyea upepo wa ziwani, tukauacha wazi.

Na kiti. Hapo mume wangu alinishangaza. Alikwenda gereji akang'oa kiti cha mbele cha taksi iliyokufa, kile cha kuegemea, akakichomelea miguu ya chuma na kishikio upande wa kushoto, ule wenye nguvu. Akamkalisha mama, akamtoa, akafupisha miguu ya kiti, akamkalisha tena, mpaka nyayo zikatua chini zote mbili na mama akaweza kujivuta kusimama kidogo. Hicho ndicho kipimo pekee ninachokutumia, Dada Zena: anza na mtu atakayekaa. Wewe una goti. Usijenge kitu kitakachokufanya uombe ruhusa kwa goti lako kila ukitaka kupumua. Makochi meupe waachie wenye maduka.

Pembeni tumejenga kibenchi cha matofali kwa wageni, na nimepanda mrehani upya. Kwenye makopo ya mafuta, na nimeyapanga mstari wa mbele ili Jamila ayaone vizuri.

Kweli tulikula kidogo. Mboga, ugali wa muhogo na ndagala za Mama Divine, siku nyingine ndagala na mazungumzo. Jamila alipita mbele yetu na mifuko yake bila salamu. Lakini ile picha uliyoiona, jua kwamba imepigwa zamani, na anairudisha kwenye simu kila wiki kwa sababu haiwezi kupigwa tena. Plastiki ya paa ilipasuka katika mvua za kwanza. Makochi yamebambuka ngozi kama mtu aliyeungua. Kisima kimeota ukoga wa kijani. Mteja mmoja aliteleza, wakaogopa wote. Ngazi za élégance zipo, hakuna anayezipanda isipokuwa mimi na Mama Divine, kwa kuwa tumegundua karo nyeupe chini ya jua lile zinakausha ndagala kwa nusu ya muda. Jamila alizikuta siku moja, zimetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zinanukia. Alizitazama. Akaingia ndani. Na mimi, Mungu anisamehe, nililala usingizi mtamu.

Mama anarudiwa na maneno, moja moja. Anasema maji, anasema moto, anasema Mwajabu, ingawa linatoka Mwazabu. Kila jioni tunakaa pale, yeye kwenye kiti chake cha taksi, mimi na Mama Divine kwenye benchi, Shabani mlangoni na vyuma vyake.

Juzi Jamila alirudi kutoka dukani tukiwa tunacheka. Mama Divine alikuwa anatuigizia mteja wake mmoja anayeapa kwa Kirundi, "Yampaye inka!", yaani naapa kwa aliyenipa ng'ombe, huku anazunguka na beseni kichwani, na mama alikuwa amecheka mpaka machozi. Jamila akasimama pembeni ya nguzo na mkoba wake begani. Hakuondoka. Alisimama tu. Kwa mara ya kwanza niliona viatu vinambana, na chini ya poda amechoka kama sisi.

Mama akamwona. Cheko likakoma. Nikajiambia, sasa atalipwa. Nilingojea kwa hamu, sikufichi.

Mama akainua mkono wa kushoto, akapiga benchi, mara moja, mara mbili. Akatafuta neno mdomoni kama mtu anayetafuta ufunguo. "Jamila," akasema. Jina zima, halikuvunjika hata herufi. "Kaa."

Tangu augue alikuwa hajalitamka hilo jina.

Jamila akakaa. Alivua viatu kwanza, akakaa ukingoni kabisa, karibu aanguke. Hakuomba radhi. Alikuwa anatazama mbele, na mama akamwekea ule mkono mzima juu ya goti na kuuacha hapo.

Nilisogea kumpisha. Usije ukasema nimemsamehe, mimi si mama yake, nami sina haraka hiyo. Nilisogea kwa sababu mwenye mahali alikuwa amesema kaa. Nikammiminia chai ya tangawizi, kama anavyomiminiwa mgeni yeyote. Sukari sikuweka, makusudi, na kopo lilikuwa mkononi mwangu.

Aliinywa yote.

Nisalimie shemeji, mwambie asivute sigara karibu na watoto. Nisalimie mama mdogo, na shangazi yetu mpishi wa harusi, na mjomba yule wa baiskeli kama bado wanamruhusu kuendesha. Wale wanangu watatu wabusu, yule mkorofi mbusu mara mbili. Ukimpata mtu anayekuja huku, tia chupa ya asali ya huko, mama ameomba kitu kitamu na nimemwahidi cha kwetu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekula kidogo na kulala vizuri,

Mwajabu